Sura ya Tano: Kipande Kilichokwama

Utepe wa polisi ulikuwa umezungushwa mara nne kwenye chaja, kana kwamba mashine ile ingechukua miguu na kutoroka. Inspekta aliutazama, akatazama saa yake, kisha akamtazama Sajini aliyeuzungusha.

"Mara nne," alisema.

"Kwa usalama wa ushahidi, afande."

"Na ushahidi wenyewe uko wapi?"

Sajini alinyoosha kidole kwenye kichwa cha waya wa chaja, kilichokuwa kimetundikwa kwenye ndoano yake. "Humo ndani. Kuna plastiki imekwama kwenye tundu moja. Nimemulika kwa tochi ya simu nikaiona. Nyeusi."

"Umeitoa?"

"Hapana, afande."

"Kwa hiyo hujui ni nini."

"Tunajua, afande. Ni kifuniko cha kalamu."

Inspekta hakujibu. Askari wa kituoni walimwita Mama Hapana, kwa siri na kwa umbali wa kutosha, na Sajini alishajifunza kwamba kimya chake kilikuwa kibaya kuliko hiyo hapana yenyewe.

Habari ilikuwa fupi na ya aibu. Jana yake, saa kumi jioni, gari la wagonjwa la kliniki hii, gari la umeme lililopakwa rangi mpya na kupigwa picha nyingi, liliitwa kumchukua mwalimu mmoja mstaafu aliyeshikwa na maumivu ya kifua, kilomita thelathini na mbili kutoka hapo. Dereva alipoliwasha alikuta betri ina asilimia kumi na moja. Waya aliouchomeka kwa mikono yake saa sita na nusu mchana ulikuwa umetundikwa kwenye ndoano. Alipojaribu kuuchomeka tena, uligoma kuingia. Likatafutwa gari jingine, na lilipofika mwalimu alikuwa ameshakata roho, amekaa kwenye kiti karibu na mlango, kamba za viatu zimefungwa, mkoba mapajani. Bibi wa watu alikuwa amejiandaa kwa safari. Inspekta aliiona picha ile asubuhi mezani kwake, na hasira iliyompanda hapo ilikuwa bado haijashuka.

Mlinzi wa geti alikuwa mahabusu tangu jana magharibi. Jalada lake lilikuwa chini ya kwapa la Sajini, limebakiza sahihi ya Inspekta tu, na saa tisa lilitakiwa liwe mahakamani. Ndani yake mlikuwa na mambo matatu. Juzi mlinzi alinyimwa likizo, akasema mbele ya watu, "Iko siku mtanikumbuka." Kibandani mwake ilikutwa kalamu isiyo na kifuniko. Na daftari la geti halikuonyesha gari lolote la umeme lililoingia mchana ule, kwa hiyo hapakuwa na mwingine wa kulaumiwa. Kwa mambo hayo matatu mzee mzima angelala jela.

"Kalamu unayo hapo?" Inspekta aliuliza.

Sajini akaitoa, ndani ya mfuko wa plastiki wenye namba. Ilikuwa kalamu ya kawaida, ya wino wa bluu, ambayo hata mtoto wa shule ya msingi hawezi kuililia ikipotea.

"Kalamu ya wino wa bluu, kifuniko chake huwa rangi gani?"

Sajini alifikiri, na kufikiri kwake kulionekana. "Bluu, afande."

"Na uliyoiona humo ndani?"

"Nyeusi."

"Endelea kushika hiyo kalamu," Inspekta alisema. "Labda itakufundisha kuandika."

Mkurugenzi wa kliniki alitokea mlango wa nyuma akitembea kwa haraka ya mtu anayependa kuonekana ana haraka. Alikuwa na viatu vya ncha kali na simu mbili mkononi, na alitabasamu kabla hajafika.

"Dada, samahani sana kwa usumbufu."

"Inspekta."

"Naam, Inspekta. Sisi hapa ni familia moja. Tukio hili limetusikitisha mno. Lakini ndiyo hivyo, kikulacho ki nguoni mwako. Mtu unamlisha, unamvisha sare..."

"Mwalimu," Inspekta alisema.

"Samahani?"

"Hilo tukio. Lilikuwa mwalimu."

Mkurugenzi akainamisha kichwa kidogo, kwa muda aliodhani unatosha. Inspekta alishawaona wengi wa namna hii. Walikuwa na huzuni ya kupima kwa kijiko.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Mkutanoni, upande wa pili wa jiji. Tangu asubuhi mpaka magharibi. Nilitoka nyumbani moja kwa moja, hapa sikukanyaga kabisa. Na gari langu nalichaji nyumbani. Hii chaja ni ya gari la wagonjwa tu. Lile tangazo nimeliandika mwenyewe."

Tangazo lilikuwa ukutani, juu ya chaja, limewekewa kioo: CHAJA HII NI YA GARI LA WAGONJWA TU. ATAKAYEKIUKA ATACHUKULIWA HATUA KALI. Chini yake kulikuwa na sahihi kubwa yenye mikia.

Inspekta alilisoma lote. Kisha akafungua kijitabu chake na kuandika maneno manne: Sikumuuliza habari ya gari.

Fundi wa magari ya umeme alifika saa sita kasoro robo, mzee mwembamba mwenye sanduku la vifaa na uso wa mtu aliyeamshwa usingizini bila sababu. Alimsalimia Inspekta, akawapita wengine kama nguzo.

"Nani kagusa hapa?"

"Mimi nilitaka kuitoa kwa kisu," alisema dereva wa gari la wagonjwa, kijana mnene aliyekuwa akifuta jasho tangu asubuhi. "Wakanizuia."

"Wangekuacha tungezika wawili."

Akaenda kwenye boksi la swichi kuu, akazima, akafunga boksi kwa kufuli lake mwenyewe na kutia ufunguo mfukoni. "Ufunguo ukiwa kwangu, hakuna mwerevu wa kuja kuwasha." Akarudi, akakaa juu ya sanduku lake, akatazama saa.

"Mbona huanzi?" Mkurugenzi aliuliza.

"Umeme haukimbii mara moja ukiambiwa toka. Nasubiri dakika kumi. Wewe kama una kazi, nenda."

Mkurugenzi hakwenda. Inspekta aliliona na hilo.

Dakika kumi zilipotimia, Fundi alivaa glovu za mpira, akapima kila tundu kwa kipima umeme, tundu moja moja, akiguna. Akavaa miwani na kumulika.

"Iko chini," alisema. "Na imesimama wima. Shida ya vitu hivi ni kwamba ukikisukuma kidogo tu, kinazama zaidi."

Alijaribu kibano chembamba cha plastiki. Kibano kilishika, kikateleza. Kikashika tena, kikateleza tena. Sajini aliyekuwa amesogea karibu akashauri watie tone la gundi kwenye kijiti, wakibandike kipande na kukivuta.

"Gundi," Fundi alirudia, bila kugeuka. "Halafu ikimwagikia pembeni, tunachaji magari kwa maombi. Mama, huyu ni wa kwako?"

"Ni wa serikali," Inspekta alisema.

Fundi akachagua skrubu ndefu na nyembamba, akaizungushia utepe sehemu ya juu isikwaruze kuta za tundu, akaiingiza taratibu. "Nadhani kipande kina uwazi katikati," alinong'ona. Akaizungusha kwa vidole viwili tu, mizunguko mitatu, bila kukandamiza. Kisha akavuta, wima, bila kupinda kulia wala kushoto, kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto aliyelala. Kitu kikatoka. Akakilaza juu ya karatasi nyeupe ambayo Inspekta alishaitandaza.

Kilikuwa kidogo kama punje ya hindi. Cheusi, cha mviringo, laini juu, na kitupu ndani. Ukingo wake wa chini ulikuwa umekatika vibaya, na upande mmoja ulibaki na kijiulimi kilichochongoka.

"Hii si ya kalamu," Sajini alisema, kwa mshangao wa kweli.

"Mungu mkubwa," Inspekta alisema.

"Hii ni kofia ya pini," Fundi alisema. "Ukifungua gari la umeme pale pa kuchomekea, utakuta pini za chuma, na hizi nene kila moja imevishwa kofia ya plastiki, ili mtu asiguse chuma kwa kidole. Sasa mtu akiwa na papara, gari halijaachia waya, yeye anavuta. Anapinda huku, anapinda kule. Kofia inakatika na kubaki humu. Gari linalofuata likija, pini yake inagonga hapo, haiingii. Ndiyo hivyo umeme haupiti."

"Haikupachikwa na mtu kutoka nje?"

"Angeipata wapi? Hizi haziuzwi dukani. Imekatikia humu humu. Tafuta gari lenye pengo, mama. Ndilo hilo."

Sajini akageuka kama mshale. "Dereva! Umesikia? Gari lako ndilo lililochomekwa hapa!"

"Afande, mimi..." Dereva alijifuta jasho kwa kola.

"Sajini, jana mlinzi, leo dereva. Ikifika jioni utanikamata mimi," Inspekta alisema. "Fundi, fungua."

Fundi akafungua kifuniko cha gari la wagonjwa, akamulika. Wote wakainama. Pini zote zilikuwa na kofia zao, nzima. Dereva alishusha pumzi akaegemea gari lake.

"Sasa nikuulize wewe," Inspekta alimwambia. "Gari gani jingine la umeme linaingia hapa?"

Dereva alitazama tangazo ukutani, akatazama viatu vyake. "Mimi, afande, niko upande wa gari la wagonjwa tu."

"Sikukuuliza uko upande gani."

"Mchana nilikuwa nakula. Kisha nikajilaza kidogo chumba cha madereva. Dirisha lake linaangalia mbele, huku nyuma sikuona kitu."

Alisema kweli, na alishukuru kwamba ilikuwa kweli. Watu kama yeye humshukuru Mungu kwa madirisha yanayoangalia kwingine. Inspekta alimwacha na jasho lake. Alipogeuka, Mkurugenzi hakuwepo tena.

Mlinzi aliletwa kwa gari la kituo saa saba kamili. Alikuwa mzee wa miaka kama sitini, amenyooka, sare imekunjamana kwa kulalia sakafu lakini vifungo vyote vimefungwa. Mikononi alikuwa na pingu. Inspekta alimngoja mlangoni pa kibanda chake.

"Shikamoo, mzee."

Mzee alisita. Tangu jana hakuna aliyemwamkia. "Marahaba, afande."

"Sajini, mfungue."

"Afande, utaratibu..."

"Mfungue, kisha usimame pale nje. Masikio yalete, mdomo uuache."

Kibanda kilitosha watu wawili na stuli moja. Kulikuwa na tochi, mwavuli, bakuli la chakula lililofunikwa tangu jana, na mezani daftari kubwa lenye jalada gumu, la magari yote yaingiayo na kutoka. Katikati ya kurasa zake kilichomoza kitu cha bluu. Inspekta alikivuta. Kilikuwa kifuniko cha kalamu.

"Huwa naweka hapo kushika ukurasa," Mzee alisema.

Inspekta alimwonyesha Sajini kupitia dirishani. Sajini akajifanya anatazama mawingu.

"Mzee, nimesoma maelezo yako. Umeulizwa mara sita ulichokiona jana mchana. Mara zote sita umejibu kitu kimoja: someni daftari."

"Ndiyo, afande. Daftari lina kila kitu."

"Sajini anasema alilisoma, hakuna kitu."

"Alisoma maandishi," Mzee alisema.

Inspekta akavuta stuli, akakaa. Mistari ilikuwa imepigwa kwa rula, mwandiko umesimama kama askari kwenye gwaride: namba ya gari, dereva, shughuli, kuingia, kutoka. Jana, saa saba na dakika ishirini na tano mchana, gari la mitungi ya oksijeni. Chini yake mstari mmoja haukuandikwa kitu. Kisha saa nane na dakika kumi, gari la sabuni za kufulia. Mtu mwenye haraka angesema mzee aliruka mstari kwa kupitiwa. Lakini mzee huyu hakuwa mtu wa kupitiwa. Hata nukta zake zilikuwa mahali pake.

Akafunua nyuma. Juzi, mstari mtupu mmoja, asubuhi, kati ya saa moja na nusu na saa mbili. Siku ya kabla yake, mmoja, muda ule ule. Jumapili, hakuna. Ijumaa upo. Akaendelea kufunua, kidole kikishuka ukingoni mwa karatasi. Jumatatu, Jumanne na Jumatano za wiki iliyopita mistari yote ilikuwa imejaa, bila pengo hata moja. Alhamisi mstari mtupu ulirudi.

"Sajini! Wiki iliyopita Mkurugenzi alikuwepo?"

"Alisafiri, afande. Aliniambia mwenyewe, alirudi Alhamisi asubuhi."

Inspekta akafunga kijitabu chake. "Mzee, kuandika daftari ulifundishwa wapi?"

"Jeshini. Kule kila chombo kinachopita kina mstari wake. Hata kikiwa cha jenerali."

"Na hapa?"

"Hapa niliambiwa liko gari moja haliandikwi. Siku ya kwanza ya kazi. Nikasema sawa. Sikuandika." Aliiweka mikono magotini. "Ila mstari wake niliuacha. Mstari si wangu mimi kuunyima."

"Gari hilo ni la nani?"

Mzee alitazama nje, upande wa jengo la kufulia. Mashuka meupe yalikuwa yameanikwa, na mwanamke mmoja mwenye kilemba alisimama katikati yake, kashika kibanio cha nguo, macho yake kwenye kibanda.

"Yule ni mama watoto," Mzee alisema. "Miaka tisa anafua hapa. Jana, kabla hawajanichukua, niliambiwa nikiwa na busara yeye ataendelea kufua. Afande, unisamehe. Mimi nimeacha mstari. Zaidi ya hapo sina."

"Nani alikuambia hivyo?"

Mzee alirudisha macho kwenye mashuka. Inspekta hakumkamia. Ingekuwa rahisi kumtisha, na mtu aliyetishwa na wawili hufuata aliye karibu. Lakini alishapata alichohitaji, na zaidi ya hapo aliona uchungu, si kwa ajili ya mzee tu bali kwa miaka yote ambayo mistari ile ilikaa wazi mbele ya kila mtu na hakuna aliyejali kuuliza.

"Umesema vya kutosha, mzee. Kula chakula chako."

"Kimelala, afande."

"Basi mama watoto akuletee kingine. Kwa ruhusa ya polisi."

Gari la Mkurugenzi lilikuwa mbele ya jengo, chini ya kivuli, limeng'arishwa mpaka mtu angeweza kunyolea ndevu mlangoni mwake. Inspekta alimkuta Mkurugenzi akitia mkoba kwenye kiti cha nyuma. Fundi alikuwa nyuma yake na sanduku, na Sajini na karatasi nyeupe aliyokabidhiwa kwa onyo kwamba akipiga chafya atajuta.

"Unasafiri?"

"Kikao kidogo tu. Vipi, Inspekta, mmemaliza? Yule mzee kakiri?"

"Chaja imepona. Tunataka kuijaribu kabla hatujaondoa utepe. Gari la wagonjwa sitaki kulihatarisha tena. Tuazime lako, dakika mbili."

"Langu lina chaji ya kutosha."

"Hatutalijaza. Tutafungua tu pa kuchomekea."

"Ufunguo anao dereva wangu."

"Injini inanguruma, au kwa kuwa ni ya umeme, haingurumi. Lakini taa zimewaka. Na dereva wako ni wewe."

Mkurugenzi alicheka peke yake. "Inspekta, hebu tuongee kiutu uzima. Mimi na mkuu wako tunafahamiana. Mwanamke mwenye akili kama yako hapaswi kuhangaika na nyaya. Kwa kweli nilikuwa nimekusudia kumpigia nimsifie kazi yako."

"Kilemba cha ukoka hakinikai kichwani. Fungua."

"Una kibali?"

"Ninachunguza kifo. Ama unafungua hapa, tukiwa wanne, ama nalivuta kwa kreni mpaka kituoni, tukipita pale mlangoni wagonjwa wako wanapokaa. Mimi naona pale ni pazuri zaidi, lakini chaguo ni lako."

Kijasho chembamba kilimtoka juu ya mdomo. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akabonyeza kitufe. Kifuniko kikafunguka.

Fundi akamulika. Akatoa kicheko kifupi cha puani. Pini moja nene ilikuwa uchi, chuma kinang'aa, na kwenye ncha yake kulikuwa na kisiki cha plastiki nyeusi chenye mwanya upande mmoja.

"Pengo," alisema.

"Sajini, picha. Kabla na baada."

Fundi alikishika kile kipande kwa kibano, akakisogeza kwenye ncha ya pini, akakizungusha kidogo. Kijiulimi kikaingia kwenye mwanya wake, kikatulia. Alipoachia, kipande kilibaki kimekaa pale pale kama hakijawahi kuondoka.

"Ah, hiyo!" Mkurugenzi alisema. "Hiyo ilikatika zamani. Nyumbani."

"Fundi, ikikatikia nyumbani inabaki wapi?"

"Kwenye chaja ya nyumbani."

"Basi hii imekuja kwa miguu," Inspekta alisema. "Jana, kati ya saa saba na dakika ishirini na tano na saa nane na dakika kumi. Imepita geti, ikakuta gari la wagonjwa limechomekwa, ikalichomoa."

"Mlinzi ndiye aliyekuambia? Yule mzee ni mwongo, hana hata..."

"Mlinzi hajatamka jina lako. Amekutii kuliko unavyostahili." Alisogea hatua moja. "Ulichomoa waya wa gari la wagonjwa ukachomeka wako."

Mkurugenzi alifunga mlango wa nyuma wa gari. Alipoongea tena sauti ilikuwa imeshuka, na maringo yote yalikuwa yameshuka nayo. "Nilihitaji chaji kidogo tu. Nusu saa. Nilikuwa nimetoka mkutanoni wakati wa chakula, nisingeweza kurudi nyumbani. Nilipovuta, ukakwama. Nikavuta kwa nguvu."

"Ukajaribu kuurudisha kwenye gari la wagonjwa."

"Ulikataa kuingia."

"Ukaona umekataa."

"Nilikuwa nimechelewa. Nilidhani dereva ataona mwenyewe."

"Simu unazo ngapi?"

Alitazama mkono wake. "Mbili."

"Jana ulikuwa nazo?"

"Ndiyo."

"Ulimpigia fundi?"

"Hapana."

"Dereva?"

"Hapana."

"Saa kumi mwalimu alikuwa bado mzima, anafunga kamba za viatu. Ulikuwa na zaidi ya saa nzima. Simu moja tu, useme nimeharibu, tafuteni gari jingine. Hukumpigia mtu. Lakini saa kumi na moja na robo, jalada linaonyesha, ulimpigia Sajini hapa, ukampa mshitakiwa, ukampa na kalamu."

Sajini akatazama karatasi nyeupe mikononi mwake kana kwamba ina maandishi.

"Lakini, dada," Mkurugenzi alisema, na sasa alikuwa anabembeleza, "tuwe wakweli. Yule ni mlinzi tu. Angekaa ndani miezi miwili, mitatu, mimi ningemtafutia wakili, ningeisaidia familia yake. Mimi nikianguka, kliniki nzima inaanguka."

Inspekta alimtazama kama mtu anayetazama kitu kilichoganda chini ya kiatu.

"Mimi si dada yako," alisema. "Ningekuwa na kaka wa namna hii, ningehama ukoo. Sajini, pingu ulizomvua mzee unazo?"

"Ninazo, afande."

"Usizirudishe stoo."

Saa nane na dakika arobaini gari la kituo lilifika getini na kusimama, kwa sababu kizuizi kilikuwa kimeshushwa. Sajini alikuwa kwenye usukani. Mkurugenzi alikaa nyuma, mikono imefunikwa koti lake mwenyewe, Inspekta pembeni yake, na mapajani mwa Inspekta daftari la geti ndani ya mfuko wenye namba. Jalada la mlinzi lilikuwa limechanwa katikati. Kwenye jipya kulikuwa na jina jingine, makosa mawili, na nafasi ya la tatu.

Sajini akapiga honi.

Mzee alitoka kibandani bila haraka. Mkewe alikuwa ameketi kwenye stuli na bakuli lenye moshi. Mkononi mzee alikuwa na daftari jipya, ukurasa wa kwanza, mistari imeshapigwa kwa rula, na safu mbili mpya: abiria na kurudi. Alizunguka mbele, akasoma namba ya gari, akaandika. Akamuuliza Sajini jina lake, akaandika. Kisha akaja kwenye dirisha la nyuma.

"Abiria?"

Inspekta alishusha kioo mpaka mwisho.

Mkurugenzi alikuwa ametazama mbele. "Unanijua," alisema.

"Nakujua, bosi. Daftari ndilo halikujui." Kalamu ilikuwa tayari, na kifuniko chake cha bluu kimebanwa kwenye mfuko wa shati. "Jina, tafadhali."

Nyuma yao gari la mitungi lilikuwa limefika, na nyuma yake jingine. Mtu akachungulia. Mkurugenzi akataja jina lake, chini chini.

"La baba?"

Akataja na la baba.

Mzee aliandika yote mawili kwa mwandiko ule ule uliosimama, herufi kwa herufi, bila haraka wala huruma. Akatazama saa ya ukutani kibandani, akajaza saa ya kutoka. Kisha kalamu ikasimama kwenye nafasi ya mwisho.

"Na ya kurudi, afande?"

Inspekta alimfikiria mwalimu, mkoba wake mapajani.

"Hiyo iache wazi," alisema.

Mzee akaiacha wazi, akapiga rula chini yake, akaenda kunyanyua kizuizi.